Skrubu Saba Juu ya Slaidi

Sufian Kihiyo alifika Guangzhou kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na tisa, kazi yake ikiwa kuwabebea wafanyabiashara wa Tanga na Dar marobota ya nguo pale soko la Shisanhang. Nguo zilimchosha mapema. Alichokipenda ni magari, na alichowazidi wenzake ni Kichina, ambacho alikiokota sokoni kisha akakinyoosha mwenyewe taratibu. Miaka ilivyokwenda akawa mkaguzi. Mtu wa nyumbani akiagiza gari au mashine, Sufian ndiye aliyekwenda kiwandani, akafungua milango, akalala chini ya injini, akapiga picha na kuandika kama kitu kiko sawa au hakiko. Watu waliliamini neno lake. Walinunua vitu ambavyo hawajavitia machoni kwa sababu Sufian kasema viko sawa.

Mwezi Mei wa mwaka mmoja alikuwa akikagua gari-nyumba la Felisia Mgaya, mama mwenye kambi ndogo ya wageni nje ya Iringa, njia ya kwenda Ruaha. Gari lilitengenezwa kwenye karakana moja huko Panyu, kusini mwa jiji. Lilikuwa na vitanda viwili, jiko, choo, na ubavuni chumba kidogo cha kukaa ambacho mota hukisukuma nje gari likishaegeshwa, na kukivuta ndani kabla ya safari. Sufian alikiita slaidi, na Felisia naye akazoea kukiita hivyo. Ni kitu kizuri, ila kinawatesa mafundi. Umekata tundu kubwa kwenye ubavu wa gari, kisha unazitegemea raba zilizolizunguka tundu hilo zizuie mvua, chumba kiwe nje au kiwe ndani.

Raba za gari la Felisia zilifungwa na Kuang shifu. Shifu ni jina la heshima ambalo Wachina humwita fundi aliyeiva, na Kuang alikuwa ameiva kweli. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, miwani yake ameifunga uzi shingoni, na pale Panyu alikuwa amefanya kazi miaka ishirini. Sufian alimfahamu kwa miaka tisa. Karibu yote aliyoyajua kuhusu bodi za magari aliyapata kwake: namna ya kupitisha kidole chini ya ukingo wa bati kutafuta mwanya, namna ya kugonga na kusikiliza kama gundi imeshika. Kuang alimwita A-Su, kama unavyomwita mdogo wako.

Gari lilipokamilika, Kuang aliliweka chini ya mabomba ya karakana na kulimwagia maji nusu saa slaidi ikiwa nje, na nusu saa nyingine ikiwa ndani. Kisha yeye na Sufian wakavua viatu, wakaingia na karatasi za chooni mkononi, wakapapasa kila kona. Karatasi zilitoka kavu. Sufian akaandika kwamba gari liko sawa, na gari lilikuwa sawa kweli.

Siku mbili baadaye Felisia alipiga simu kutoka Iringa. Alikuwa ameona picha ya gari kama lake lenye turubai la kukunjua, lililofungwa juu ya slaidi ili wageni wakae kivulini. Aliuliza kama na yeye anaweza kuongezewa. Sufian alimwambia hilo ni jambo dogo.

Kuang alipoambiwa, alipanda ngazi, akagonga bati la juu ya slaidi kwa kifundo cha kidole, akashuka na kusema bu xing, haiwezekani, si kwa namna hiyo. Pale juu ndipo mabati mawili yalipokutana, na nyuma ya maungio hayo hapakuwa na chuma, mbao tu. Ukifunga skrubu moja kwa moja, turubai litavutwa na upepo, skrubu zitalegea, na maji yatapata njia. Ilibidi kwanza likatwe bamba la alumini la kulala juu ya maungio, na bamba hilo lingefika kutoka Foshan Jumanne.

Lakini gari lilitakiwa liwe bandarini Nansha Jumatatu, kuwahi meli. Sufian alipiga mahesabu ya siku na kuona Jumanne imechelewa.

Jumamosi, siku ambayo Kuang alikuwa mapumzikoni, Sufian alikwenda karakana na kuwatafuta mafundi wawili wa idara nyingine. Aliwaomba walifunge turubai. Mmoja wao alisema ni afadhali wamsubiri shifu.

"Shifu anajua," Sufian akamjibu.

Kati ya maneno yote aliyoyasema mwaka ule, hayo mawili ndiyo aliyotamani kuyarudisha kuliko mengine. Wakati ule yalimtoka kirahisi tu. Aliwashikia ngazi. Wakapiga skrubu saba, kila moja wakaipaka silikoni kidogo juu, na kufikia saa saba mchana turubai lilikuwa limekaa mahali pake, limenyooka, linapendeza. Mabomba ya kupimia maji yalikuwa yamefungwa siku hiyo, na Sufian alijiambia kwamba gari lilishapimwa.

Jumapili wakala wa meli akampigia kumwambia safari imeahirishwa kwa wiki mbili.

Gari likabaki uani, slaidi ikiwa nje ili mbao za ndani zipate hewa. Zikaanza zile mvua nzito ambazo wenyeji huzihesabu pamoja na sikukuu ya mashua za joka, mvua za kunyesha asubuhi, kuacha jua kali la saa moja, kisha kunyesha tena. Siku ya nne mlinzi aliingia ndani kukwepa mvua, akakanyaga zulia lililojaa maji.

Sufian aliitwa na Deng laoban, mwanamke mwenye karakana. Laoban ni bosi, na Deng alikuwa bosi asiyependa kusubiri. Alimtaka mkaguzi wa mteja aandike tatizo ni nini ili lirekebishwe. Sufian alikaa ndani ya gari dakika kumi. Maji yalikuwa kwenye kona ya chini, nyuma ya slaidi. Plaiwudi ya sakafu ilikuwa imevimba, na raba ya kona ile ilikuwa imejikunja. Alipiga picha ya raba. Fikra ya turubai ilimjia, akaiacha ipite. Akaandika kwamba maji yameingia kwa sababu raba za slaidi zilifungwa vibaya.

Kwa kuwa karatasi za kazi zilionyesha nani alifunga raba, Kuang aliitwa ofisini mchana ule ule. Sufian alikuwepo, amesimama kando ya meza. Kuang alivaa miwani, akaitazama picha muda mrefu. Alisema raba imejikunja kwa sababu sakafu ilivimba ikaisukuma, hivyo maji ndiyo yaliyotangulia. Deng hakuelekea kushawishika. Kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba Kuang ni mzito, gari la wiki mbili kwake linachukua tatu.

Kuang akamgeukia Sufian. "A-Su, lile turubai lilifungwa juu ya bamba?"

"Turubai halihusiki," Sufian alisema. "Maji yako chini."

Kuang alimtazama. Aliivua miwani, akaiacha ining'inie kwenye uzi, akatia saini karatasi ya kukubali kosa aliyowekewa mbele. Wiki iliyofuata Sufian alisikia kwamba mzee ameacha kazi. Wengine walisema ameachishwa, wengine kwamba ameambiwa arudi kazi za kufagia akakataa. Sufian hakumpigia simu. Alijiambia atampigia mambo yakitulia.

Fundi mpya alibandua raba zote na kufunga nyingine. Mvua ikarudi, kona ile ile ikalowa, na ile meli ikaondoka bila gari.

Hapo ndipo Felisia alipopanda ndege. Alitua uwanja wa Baiyun katikati ya Juni, akaweka mizigo hotelini mtaa wa Xiaobei na asubuhi yake akamtaka Sufian ampeleke Panyu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mtaratibu wa kusema, mwenye mikono ya mtu aliyejenga kambi yake mwenyewe. Aliingia kwenye gari alilolingoja miezi minane, akanusa harufu ya ukungu, akakaa kwenye benchi lenye unyevu bila kujali gauni lake.

Hakulalamika. Aliuliza tu nani amekwisha kutafuta mahali maji yanapoingilia. Sufian alianza kumweleza habari za raba, za zamani na mpya. Felisia alimsikiliza hadi mwisho.

"Mdogo wangu, sikuulizi nani kafunga raba. Nauliza nani kayafuata maji."

Sufian akakiri kwamba hakuna.

Walianza siku ile ile. Sufian aliegemeza ngazi ubavuni, akaunganisha mpira wa maji, na Felisia akabaki ndani na tochi na karatasi za chooni. Kuang alikuwa amemfundisha zamani kwamba ukitafuta pavujapo unaanza chini na kupanda polepole, kwa sababu ukianza juu utalowesha kila kitu na usijue kipi ni kipi. Alimwagia ukingo wa chini wa slaidi dakika kumi. Felisia akagonga ukuta mara moja: kavu. Akapanda kwenye raba za kushoto, dakika kumi, kisha za kulia. Kavu. Kwenye kona ile iliyowaponza alisimama robo saa nzima, maji yakipiga raba mpya, moyoni akitamani yaingie. Felisia akagonga mara moja.

Raba za juu nazo zilipita. Yakabaki maungio ya mabati na turubai juu yake. Sufian alisimama kwenye ngazi, mpira mkononi, maji yakimwagika bure chini. Felisia alichungulia dirishani kumuuliza kama amemaliza. Akamwambia bado, akauinua mpira.

Haikufika dakika tano. Felisia aligonga ukuta mara nyingi mfululizo. Sufian alipoingia alimkuta amepiga magoti, ameondoa ubao wa pembeni, tochi ameielekeza juu. Maji yalikuwa yakishuka ndani ya ukuta, yakifuata mbao ya fremu kama uzi, hadi chini kabisa, kisha yanakimbilia nyuma kwa kuwa gari lilikuwa limeinamia upande huo, na kutokea kwenye kona ya raba.

Walilishusha turubai. Chini ya silikoni, skrubu ya tatu na ya tano zilikuwa zimepita katikati kabisa ya maungio na kuyatanua. Tundu la skrubu ya tano lilikuwa limeota kutu, na mbao ya ndani ilibonyea kwa kidole.

Sufian aliketi kwenye ngazi ya mlangoni na kumweleza Felisia kila kitu: bamba la Foshan, Jumamosi ile, maneno mawili aliyowaambia mafundi, na jibu alilotoa ofisini. Hakuna alilolipunguza, ingawa alijua anajivunjia jina kwa mteja. Felisia alisema turubai lilikuwa wazo lake, na yeye pia alikuwa akipiga simu kila siku kuulizia meli. Kisha akauliza yule mzee yuko wapi sasa.

Siku ile Sufian aliandika barua ya pili, ya kuifuta ile ya raba, na kumpelekea Deng laoban. Deng aliisoma amesimama. Alisema ni vizuri ukweli umejulikana, lakini nafasi ya Kuang ina mtu tayari. Akitaka, aje kama kibarua wa siku.

Kesho yake asubuhi Sufian alipanda treni ya chini ya ardhi kwenda kaskazini hadi karibu na mwisho wa njia, Conghua, kisha basi dogo hadi kijiji cha kaka yake Kuang, ambako mzee alikuwa amehamia. Ulikuwa msimu wa matunda ya lichi. Barabara nzima ilikuwa na vikapu na mizani, na matawi yalikuwa yameinama kwa uzito. Alimkuta Kuang nyuma ya nyumba, kwenye kiti kifupi, anachambua matunda na kuyapanga kwenye maboksi. Miwani ilikuwa shingoni kama kawaida. Kuang alimwonyesha kiti kingine kwa kidevu.

Njia nzima Sufian alikuwa amepanga maneno. Aliyasema yote, akiwa ameinamisha kichwa, hadi kwenye skrubu ya tano. Kuang aliendelea kuchambua. Alipomaliza boksi moja aliuliza skrubu zilikuwa za namba ngapi, silikoni ilikuwa ya aina gani, mbao imeoza urefu gani. Sufian alijibu. Kuang akamwambia atoe kalamu.

Alimwandikisha kazi yote. Asipake silikoni mpya juu ya ya zamani, aikwangue yote hadi bati liwe jeupe. Akate mbao iliyooza na aache ukuta wazi, feni zipulize siku tatu, hata kama utaonekana mkavu siku ya kwanza. Aweke utepe mzito wa raba inayonata, ule mweusi, chini ya bamba, kisha bamba, kisha riveti badala ya skrubu. Juu ya bamba aweke ukingo wa kumwaga maji, urefu wake uzidi slaidi kwa upana wa viganja viwili kila upande. Na watakaolitumia gari waambiwe waliinamishe kidogo mbele wanapoliegesha.

Sufian aliandika hadi mwisho. Kisha akamweleza habari ya barua ya pili na maneno ya Deng. Kuang alitikisa kichwa. Alikuwa amebakiza miaka miwili apate pensheni yake, alisema, na mtu hawezi kurudi akawa kibarua wa watu aliowafundisha.

"Wewe ulijua," Sufian alisema. "Siku ile ofisini ulijua ni turubai."

"Nilijua tangu Jumatatu nilipoliona."

"Kwa nini hukusema, shifu?"

Kuang aliweka tunda alilokuwa nalo ndani ya boksi. "Nilikuuliza mbele ya laoban. Nilikuachia wewe useme."

Walikaa hivyo, ndani ya nyumba vyombo vikigongana na harufu ya chakula ikitoka. Katika miaka tisa hakuwahi kuonana na Kuang adhuhuri bila kuulizwa kama amekula, na pale karakana mzee alikuwa na sufuria yake ndogo ya pembeni, isiyoguswa na nguruwe, kwa ajili yake. Mke wa Kuang alichungulia mlangoni, akamwona mgeni, akarudi ndani. Kuang akasema basi la kurudi linapita saa saba kasoro. Sufian akasimama, akaaga kwa mikono miwili, akaenda kulisubiri barabarani.

Ukarabati ulichukua siku tisa. Sufian aliufanya kwa mikono yake, akisaidiwa na wale mafundi wawili wa Jumamosi, ambao sasa walijua waliyoyafanya na hawakuwa na maneno mengi naye. Felisia alikuja kila siku. Alishika pimamaji, akakwangua silikoni kwa kisu cha plastiki hadi vidole vikamchubuka, na siku ya pili Sufian alipotaka kufunga ukuta kwa sababu ulikuwa mkavu, yeye ndiye aliyekataa hadi ya tatu itimie. Bamba lilipokaa, walilimwagia maji saa nzima. Siku mbili baadaye ikanyesha mvua ya asubuhi hadi alasiri, na wote wawili wakakaa ndani ya slaidi wakiisikiliza ikipiga paa. Sakafu ilibaki kavu.

Deng laoban alikubali barua ya pili ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mahali mafundi wanapogonga kadi za kuingia. Ilikaa pale wiki moja, kisha ikafunikwa na ratiba ya zamu.

Gari lilipanda meli Nansha mwanzoni mwa Julai. Felisia alirudi Iringa kabla yake. Alipokuwa akiaga alimwambia Sufian kwamba ataendelea kumtumia kwa kazi zake, ila kuanzia sasa atataka picha za maji yakimwagwa, siyo za raba. Sufian alisema ni haki yake.

Alimtumia Kuang video ya sakafu kavu. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: raba ya juu kushoto ikaguliwe baada ya mwaka, ile hukauka mapema. Hakukuwa na zaidi. Sikukuu ya mbalamwezi ilipofika, Sufian alimtumia salamu, na hazikujibiwa. Alifikiri mara kadhaa kwenda tena Conghua, akaona aibu, akasogeza siku mbele.

Desemba mvua za kwanza zilinyesha Iringa. Felisia alimtumia Sufian ujumbe wa sauti. Mvua ilikuwa imepiga siku mbili mfululizo, wageni wamelala kwenye gari, na ndani hakuna hata tone. Alisema nyuma yake kuna kelele za maji ya paa, asikilize. Mwishoni aliomba salamu zake zimfikie yule mzee, na aambiwe kwamba kazi yake imekaa.

Sufian alikuwa kwenye stesheni ya treni, amesimama na watu kwenye foleni. Aliyageuza maneno ya Felisia kuwa Kichina, akayasoma mara mbili kuona kama yako sawa, akayatuma. Ujumbe ulirudi na alama nyekundu ubavuni. Chini yake simu ilimweleza kwamba mtu huyu hayumo tena kati ya rafiki zake, na kwamba akitaka kumwandikia atume kwanza ombi, aseme yeye ni nani.

Kisanduku cha kuandikia kilikuwa kidogo. Aliandika maneno mengi, akayafuta. Mwisho akaandika, "Shifu, ni A-Su," akatuma. Treni ilifika, milango ikafunguka, watu wa nyuma wakamsukuma aingie. Aliishika simu mkononi hadi kituo chake, na ilikuwa kimya.